Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Mchana ule duka la vifaa vya umeme lilifurika watu. Joto lilikuwa halisemeki, na feni za mezani zilikuwa zimekwisha, imebaki moja tu. Mpiga chapa aliidaka shingo. Papo hapo mkono mwingine, mpana, wenye kovu la kuungua, ukaidaka kitako.

"Samahani kaka, hii nimeiwahi."

"Umewahi kichwa, dada. Kiwiliwili ninacho mimi."

Mwanamume huyo alivaa shati la buluu lililopauka mabegani, bisibisi zikichungulia mfukoni. Mpiga chapa, katika gauni lake jeusi la msiba, alitaka kukasirika, akajikuta anatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu amzike mama yake.

"Niachie, tafadhali. Nina mgonjwa nyumbani."

"Pole sana. Mtu mzima?"

"Kompyuta. Ikishika joto inazimika yenyewe."

Mwanamume akaiachia feni. "Chukua. Mimi ndiye fundi wa wagonjwa hao. Lakini kupepewa peke yake hakutamponya. Nipe namba, nije nimpime homa."

Tangu siku hiyo simu hazikukauka.

"Mgonjwa wetu ameamkaje?"

"Hajambo. Anauliza daktari wake amekula nini."

"Mwambie daktari naye anaugua siku hizi, na feni haimsaidii."

Mpiga chapa alicheka, akaficha uso kwa mtandio ingawa alikuwa peke yake chumbani.

Chumba hicho cha kazi kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilipokea jua lote la alasiri. Chini ya dirisha ilikaa kompyuta, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Mama alikifuma akiwa kitandani, akakitandika kwa mikono yake: "Mashine inayokulisha isikae uchi, mwanangu." Na ndani ya mashine hiyo, katikati ya kazi za wateja, ilikuwamo sauti ya mama, iliyorekodiwa siku zake za mwisho. Mpiga chapa hakuwa na nakala nyingine. Aliogopa hata kuihamisha asije akaifuta. Mambo haya hakumwambia fundi. Yalikuwa bado mabichi.

Jumamosi moja alitoka kumpelekea mteja kazi yake, akamwacha fundi akisafisha mashine. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimetandikwa sakafuni, vyuma na feni zimelazwa juu yake, vumbi jeusi limejaa kwenye maua. Pembeni palikuwa na doa zito la yale mafuta ya kijivu ya kupozea mashine.

"Nimemkamata mchawi!" fundi alisema kwa furaha. "Hiki kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa. Mpenzi, umemfunika blanketi mtu mwenye homa!"

"Nani kakwambia ukiguse?"

"Lakini ni kitambaa tu, mpenzi wangu..."

"Tu?" Mpiga chapa alimwonyesha mlango. "Funga mashine yangu, uende. Na hicho kichukue, umeshakifanya tambara."

Fundi aliifunga mashine. Aliondoka na kitambaa kwapani.

Simu zake hazikupokewa tena. Kwa ukaidi na uchungu, mpiga chapa aliifunika mashine kwa mtandio wake mweusi.

Alasiri moja, jua likichoma dirishani, aliketi kumsikiliza mama. "Usikeshe sana na hiyo mashine," sauti ilisema taratibu. "Nayo inachoka. Halafu..."

Kimya. Skrini nyeusi. Harufu ya kuungua. Alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, kisha akashika simu huku machozi yakimtiririka.

"Fundi, mama amekatika."

"Mama yupi?"

Ndipo akamweleza yote. Upande wa pili zikasikika bisibisi zikikusanywa.

"Usiiwashe. Ondoa mtandio. Nakuja."

Alikuja akihema, hakuuliza lolote, akafungua mashine. Kipande kimoja kilikuwa kimeungua; sauti ilikuwa salama. Kwanza aliinakili kwenye kifaa kidogo akamwekea kiganjani, ndipo akabadilisha kilichoungua. Akaisogeza meza mbali na dirisha. Kisha akatoa mfukoni kitambaa cha mama, cheupe, isipokuwa pembe moja.

"Doa limegoma. Nimefua mpaka majirani wakauliza kama nina mtoto mchanga." Hakucheka. "Mama alitaka kuikinga. Hakukosea. Jua linaingilia hapa."

Akapanda kiti, akakitundika dirishani. Mwanga ukapenya polepole, maua yakalala ukutani kama vivuli. Chumba kikapoa.

Mpiga chapa aligusa lile doa. "Nisamehe kwa kukufukuza."

"Nisamehe kwa lile neno 'tu'."

Mpiga chapa akaiwasha mashine. Mama akaendelea pale alipokatika: "Halafu umekula, mwanangu?"

Fundi alisimama wima, mikono pembeni, kama mtu aliye mbele ya mkwewe.

"Bado, mama," alisema. "Lakini ukiniruhusu nimuoe, hatalala na njaa."

Feni ilizunguka taratibu ndani ya kompyuta.

"Mama hawezi kukujibu," mpiga chapa alisema hatimaye, akamshika mkono penye kovu. "Najibu mimi. Amekuruhusu."