Viatu Alivyopewa Minza

Kila siku kengele ya kutoka ilipolia, Asmahani hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza mtaa wa Mtendeni, kwenye meza ya baba yake, Mzee Uwesu, aliyekuwa akishona na kutengeneza viatu barazani huku baiskeli na bodaboda zikimpita puani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula nikirudi."

"Utakula sasa hivi. Muhogo huo hapo. Sijaona mtu aliyepiga mpira na njaa ukafika popote."

Asmahani alikula muhogo wa kuchoma akiwa amesimama, kisha akavua viatu vya shule na kuvaa raba zake, ambazo baba yake alikuwa amezibandikia soli yenye meno. Akiwa anafunga kamba, aliona chini ya meza viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Baba, hivi vizuri. Vya nani?"

"Vya mteja aliyehama. Usiviguse. Juu vinapendeza, lakini chini soli imelika mpaka imekuwa kama kigae. Mtu akivivaa atateleza hata akiwa amesimama. Nikipata kipande kizuri cha tairi nitaviwekea soli mpya."

Asmahani aliitikia, akapangusa mikono na kukimbilia uwanjani.

Uwanja wenyewe haukuwa kama viwanja vya gofu vinavyoonyeshwa kwenye televisheni. Ulikuwa nje kidogo ya mji, na mwezi huo wa Juni majani yake yalikuwa yamekauka na kulala chini kama mkeka. Mbuzi walikatiza walipotaka. Kuzunguka kila shimo palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe. Kocha Benjamini, mwanajeshi mstaafu aliyejifunzia gofu kazini, alikuwa na fimbo chache kuukuu, na watoto walizipokezana.

Kwa miaka miwili hapakuwa na msichana wa kumfikia Asmahani pale. Kila mtu alilijua hilo, na yeye mwenyewe alilijua kuliko wote. Kisha akaja Minza.

Minza alitoka kijiji kimoja upande wa Kaliua, akaja kukaa na shangazi yake ili asome mjini. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alipiga mpira pekupeku. Siku ya kwanza tu alipopewa fimbo, mpira uliruka juu, ukanyooka, ukaenda kuangukia mbali kuliko mpira wowote ambao Asmahani aliwahi kupiga. Wenzake walishangilia. Kocha akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Rudia." Minza akarudia.

Tangu siku hiyo Asmahani hakuwa na raha. Akila ugali, alimwona Minza. Akifanya hesabu, alimwona Minza. Watu waliokuwa wakisema, "Asma, umepiga!" sasa walisema, "Mmeona mpira wa Minza?" Sifa alizozizoea zilikuwa zimehamia nyumba nyingine bila hata kumuaga.

"Mimi nakwambia yule ana dawa," alisema rafiki yake Ummy, wakiwa wamekaa pembeni wakisubiri zamu. "Mwangalie miguu. Kabla ya kupiga lazima achimbechimbe udongo kwa vidole. Kwa nini? Kwao huko wanajua mambo."

Asmahani alitazama. Ni kweli, Minza alikuwa akikandamiza ardhi kwa nyayo zake kama anayetafuta kitu. Tangu hapo hakuacha kuitazama miguu ile.

"Asma!" Kocha alimwita. "Zamu yako. Unaangalia nini huko?"

Asmahani akachukua fimbo, akapiga kwa hasira. Mpira ulikata kona ukaenda kwa mbuzi.

"Unapiga kwa mikono tu," Kocha alisema. "Nimekwambia mara ngapi? Anza chini. Miguu kwanza."

Asmahani hakusikia. Macho yake yalikuwa kwa Minza, aliyekuwa amekaa kwenye majani akitoa mwiba kwenye kisigino.

Wiki iliyofuata Kocha aliwakusanya. "Kuna mashindano ya watoto Dar es Salaam. Nafasi ya msichana ni moja. Jumamosi tutapiga hapa, kila mtu mipira mitatu, na atakayepiga mbali na kunyoosha ndiye atakayekwenda. Jambo lingine: huko hakuna kupiga pekupeku. Jumamosi kila mtu aje na viatu."

Watoto wakamgeukia Minza. Yeye akaitazama miguu yake. Mbali na kandambili za kwendea shule, hakuwa na viatu.

Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia Asmahani, nalo lilikuja limevaa nguo ya wema. Alimsogelea Minza akamwambia kwa sauti ya upole, "Usijali. Baba yangu ni fundi viatu. Nitakuletea."

Minza alimtazama kama hakuamini. "Kweli? Asante sana, dada. Mimi nilidhani hunipendi."

"Nani kasema?" Asmahani alijibu, akacheka kicheko kifupi.

Ijumaa, baba yake alipokwenda msikitini, Asmahani aliingiza mkono chini ya meza akavitoa viatu vyeusi. Aligeuza soli akaigusa kwa kidole. Ilikuwa laini kweli. Akavitia ndani ya mkoba, na jioni akampelekea Minza.

Jumamosi watu walikuwa wengi uwanjani. Hata shangazi yake Minza alikuja, ameacha mchicha wake sokoni kwa jirani. Asmahani alipiga mapema. Alipiga vizuri kiasi, si vibaya, kama alivyozoea. Ikafika zamu ya Minza.

Minza alisimama akitafuta ardhi kwa nyayo kama kawaida yake, lakini safari hii kati ya nyayo na ardhi kulikuwa na ile soli. Alizungusha fimbo nyuma, akageuza kiuno, na alipotaka kusukuma kwa mguu wa kushoto, mguu ukamtoka. Uliserereka juu ya majani makavu kama umekanyaga sabuni. Fimbo ilichimba udongo, mpira ukabingirika pale pale, na Minza akaanguka kwa ubavu.

Watu walicheka. "Ondoa hivyo viatu vya harusi!" mmoja alipiga kelele. Minza naye alicheka ili asilie. Alijaribu tena, akateleza tena. Mara ya mwisho alipiga kwa mikono tu, kwa woga, na mpira haukufika hata nusu ya njia.

"Asmahani Uwesu," Kocha alitangaza, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana, "ndiye atakayekwenda."

Ummy alimrukia Asmahani kwa furaha. Asmahani alisubiri furaha yake nayo ije. Haikuja. Aliyekuja ni Minza, akichechemea, ameshika kiuno.

"Hongera dada," alisema. "Viatu ni vizuri, mimi ndiye sijazoea. Sisi wa shamba bwana!"

Asmahani akageuka kuokota mkoba wake.

Jumapili asubuhi alikuwa mezani akimsaidia baba yake kupaka gundi, Minza alipotokea. Alikuwa amefunga viatu kwa kipande cha khanga. Alikuwa amevifuta mpaka kwenye mishono, na juu yake aliweka chupa ndogo ya asali.

"Shikamoo baba. Nimerudisha viatu vyenu. Shangazi kasema asante sana, ndiyo akanipa na asali hii."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Uwesu. Akafungua khanga. Mkono wake ukasimama. Aligeuza soli, akamtazama Minza alivyosimama upande, kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa ameinamia gundi kama anataka kuingia ndani ya kopo.

"Ulivaa hivi jana?"

"Ndiyo baba. Nikaanguka. Lakini si kosa la viatu."

Mzee Uwesu alimsindikiza Minza kwa macho mpaka akapinda kona. Kisha alivisukuma viatu mbele ya Asmahani.

"Vaa."

"Baba..."

"Nilikuambia nini kuhusu viatu hivi?"

"Kwamba vinateleza."

"Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Basi vaa. Utakwenda navyo mpaka uwanjani, ukamwambie Kocha ulichofanya. Ukitoka huko utakwenda kwa Minza. Asali hii siigusi mimi. Siwezi kula asante ya uongo."

Njia ya kwenda uwanjani, ambayo Asmahani aliizoea kama kiganja chake, siku hiyo ilikuwa nyingine. Kwenye kokoto aliteleza. Kwenye mteremko alishika kuta za nyumba za watu. Mwendesha bajaji mmoja alimwita, "Dada, unacheza taarabu?" Alipofika alikuwa akilia, na nusu ya kilio ilikuwa ya aibu.

Kocha alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaweka mpira chini, akampa fimbo.

"Piga."

"Na viatu hivi?"

"Na hivyo hivyo."

Asmahani akapiga. Mguu ukaserereka, kiuno kikavutika, na mpira ukaenda pembeni kwa uvivu.

"Umesikia ulivyoumia hapo kiunoni? Ndivyo alivyoumia mwenzako, mara mbili, mbele za watu. Tena kiuno kikivutika vibaya, mtu anaweza kukaa miezi bila kucheza." Kocha akavuta pumzi. "Sasa nisikilize, maana miaka miwili nasema na hunisikii. Mpira haupigwi na mikono. Unapozungusha fimbo nyuma, uzito unaukalisha kwenye mguu wa kulia, na mwili unajisokota kama nguo inayokamuliwa. Halafu unaisukuma ardhi kwa mguu wa kushoto. Ukiisukuma ardhi, nayo inakusukuma wewe. Nguvu hiyo inapanda gotini, inageuza kiuno, inakwenda kifuani, ndiyo ifike mikononi. Fimbo inamalizia tu. Ukimwondolea mtu pa kukanyaga, umemwondolea kila kitu."

"Kumbe Minza hana dawa?" Asmahani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Dawa?" Kocha alicheka mpaka akakohoa. "Dawa yake ni jembe. Kamtazame anavyolima."

Shangazi yake Minza alikuwa na bustani bondeni, na huko ndiko Asmahani alikomkuta mwenzake akipandisha matuta kwa kiuno kinachouma. Alimwambia yote, maneno yakitoka vipande vipande.

Minza aliegemeza mikono juu ya mpini wa jembe.

"Nilicheka pamoja nao," alisema, "nikajiona mimi ndiye mshamba. Nyumbani nikalia. Na wewe ulijua."

"Nilijua. Nisamehe, Minza."

"Sijui kama nimekusamehe." Akamtupia jembe. "Kiuno changu kinauma kwa ajili yako. Malizia hayo matuta."

Asmahani alilima. Muda haukupita mrefu mikono ikaanza kumwaka moto. Minza aliyekuwa amekaa kwenye kivuli akashindwa kuvumilia.

"Wewe! Hivyo utakufa kabla ya adhuhuri. Usilivute jembe kwa mikono. Kanyaga, jigeuze, udongo utapanda wenyewe kwenye tuta."

Asmahani akakanyaga, akajigeuza. Donge kubwa la udongo likapanda juu ya tuta na kutulia. Akabaki amelikodolea macho.

"Ndiyo hivyo," alisema Minza, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Kumbe hata watu wa Mtendeni wanafundishika."

Kocha alifuta matokeo na kupanga siku nyingine, baada ya kiuno cha Minza kupona. Siku zote hizo Asmahani alishinda mezani kwa baba yake akijifunza kukata tairi. Aliikata soli mpya kwa mkono wake, akaichora meno, akaibandika na kuishona kwenye vile viatu vyeusi. Baba yake alimfumulisha mshono mara kadhaa kabla ya kuukubali.

Siku ya kupiga ilipofika, Minza alivivaa, akasimama, akakanyaga, na soli ikauma ardhi. Mpira uliruka kama ulivyoruka siku ile ya kwanza. Asmahani naye alipiga mbali kuliko alivyowahi kupiga maishani mwake, ila haukufika ulipofika wa Minza. Nafasi ilikuwa moja, na ikaenda kwa mwenyewe.

Walimsindikiza stesheni. Minza alipopanda behewa, Asmahani aliziona soli zake zikishika ngazi, moja baada ya nyingine, bila kuteleza. Wivu bado ulimchoma kidogo. Si ugonjwa wa kupona kwa siku moja. Lakini alipunga mkono kwa moyo wake wote, na Minza akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Nikirudi nikute hayo matuta yamelimwa!"

Treni ilipotoweka, Mzee Uwesu alimuuliza binti yake, "Ile siku ulipompa mwenzako viatu vibovu, mpira wako ulikwenda mbali zaidi?"

Asmahani akafikiri. "Hapana baba. Ulikwenda palepale pa siku zote."

"Umeona basi. Kumwangusha Minza hakukukuongezea hata unyayo mmoja. Wivu unakufanya uitazame miguu ya mwenzako mpaka unasahau kukanyaga kwako. Anayekuzidi, mwendee akufundishe, halafu simama pako, usukume. Hakuna njia nyingine, si kwenye gofu, si darasani, wala hapa mezani kwangu."

"Nimesikia baba."

"Safari hii umesikia kweli?"

"Kweli."

"Basi twende. Tukifika nyumbani tutafungua ile asali."