Harusi ya Masika

Bi Mwanakheir anakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Asubuhi hukaanga maandazi. Mchana huanika nguo. Jioni humpigia simu binti yake, Ummukulthum, mpishi wa hoteli huko Kizimkazi. Mara nyingi simu huita tu. Kizimkazi ni kisiwa hiki hiki, lakini mama hamwoni mwanawe mwaka mzima.

Agosti iliyopita, binti yake mdogo aliolewa. Ummukulthum hakuja. Mama alimwekea sahani ya pilau mpaka ikachacha.

Sasa mwanawe wa kiume, Suhail, anataka kuoa.

"Tutafanya Agosti," alisema Bi Mwanakheir. "Hakuna mvua, hakuna joto."

Ummukulthum akajibu kwa simu, "Agosti siwezi, mama. Nnatamani, lakini hoteli imejaa."

Bi Mwanakheir akalia. Jirani yake Muhiddin, anayetembeza wageni Mji Mkongwe, alifika kununua maandazi akamkuta anajifuta macho.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Kulikoni?"

"Marahaba. Mwanangu kanisahau. Hoteli ndiyo mama yake."

"Hajakusahau. Wewe unamwita wakati wa kazi. Hiyo Agosti unayoipenda, na wageni wanaipenda. Kipupwe hakuna mvua, jua si kali. Na huko kwao skuli zimefungwa."

"Basi aje Januari!"

"Januari kwao baridi kali, kwetu jua. Wanakuja kuota jua letu. Hoteli zinajaa tena."

"Kwa hiyo sitamwona mpaka nife?"

Muhiddin akacheka. "Utamwona masika. Machi mpaka Mei mvua inapiga, bahari inachafuka, njia za mashamba ya viungo zinateleza. Wageni wanapungua. Hoteli nyengine zinafunga kabisa, wafanyakazi wanapewa likizo."

Bi Mwanakheir akatazama nguo zake kambani. Miaka yote alikuwa akiichukia masika, maana nguo hazikauki. Akampigia Ummukulthum tena. Safari hii hakumwambia "njoo". Alimuuliza, "Likizo yako lini, mwanangu?"

"Mei, mama. Mwaka huu hoteli inafungwa."

Suhail aling'aka. "Mei? Harusi ya matope!"

"Matope yanaoshwa," alisema mama. "Tutakodi ukumbi wenye paa zima. Hema hatulitaki."

Mei ikafika, na mvua ikamwagika kama iliyotumwa. Waalikwa waliingia ukumbini wamepandisha mabuibui, wananung'unika. "Mwanakheir ana wazimu," shoga yake mmoja alisema, lakini pilau hakuikataa.

Nyuma ya ukumbi, Ummukulthum alikuwa amesimama mbele ya sufuria, jasho linamtoka. Alikuwa amekataa kuketi.

"Kila siku nawapikia watu nisiowajua," alisema. "Leo niacheni niwapikie wangu."

Mama alikaa karibu yake kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, hana kazi yoyote ila kumtazama. Bati lilinguruma kwa mvua. Shoga yake akachungulia mlangoni. "Tuombe ikatike, bibi, tupate kurudi majumbani!"

"Ombeni nyinyi," alisema Bi Mwanakheir. "Ikikatika, mwanangu ataondoka."