Homa Ndani ya Kinu cha Mafuta

Saa moja asubuhi, Jumanne tarehe 2 Februari 1943, Khlafo Bismuth hakuweza kuinuka kwenye mkeka wake. Mwili ulikuwa moto. Kifuani alikuwa na vipele vidogo vyekundu. Hiyo ilikuwa siku ya tano ya homa.

Elvira Boccara alimtazama kutoka upande wa pili wa chumba. Kisha alimvuta binti yake, Lina, akamkalisha nyuma ya shuka. Shuka hilo alilitundika mwenyewe katikati ya chumba siku waliyofika.

Chumba kilikuwa kinu cha mafuta ya zeituni katika shamba la Bwana Taher, karibu na mji wa Zaghouan, kusini mwa Tunis. Watu sita walijificha humo. Wajerumani walikuwa wakiwakamata wanaume wa Kiyahudi na kuwapeleka kwenye kazi za kulazimishwa. Mume wa Elvira alikamatwa Desemba. Khlafo aliwahi kukimbia kabla hajakamatwa, yeye na mkewe Kamuna na binti zao wawili.

Wote walikuwa Wayahudi, ila Kamuna na Khlafo walikuwa Watwansa, wenyeji wa Tunis. Elvira alikuwa Mgrana. Mababu zake walitoka Livorno, Italia. Kule Tunis kila upande ulikuwa na bucha lake, na makaburi yao yalitenganishwa kwa ukuta.

"Uchafu wao huo," Elvira alimnong'oneza Lina. "Usiguse kitu chao."

Kamuna alisikia. "Dada yangu, kama wewe ni Mwitaliano hasa, karatasi zako za Italia za kukukinga na Wajerumani ziko wapi? Mbona unalala kinuni na sisi?"

Bwana Taher aliingia na maji. Alimtazama mgonjwa, akaweka ndoo chini.

"Mgonjwa mmoja nitamficha," alisema. "Wakiwa wawili au watatu, majirani watajua. Mganga wa serikali ataitwa, na Wajerumani watakuja nyuma yake. Ngojeni nimwite dada yangu."

Dada yake, Bi Zohra, alikuwa amefua nguo katika hospitali moja ya Tunis kwa miaka kumi na tisa. Alifungua shati la Khlafo, akaangalia vipele.

"Homa ya chawa," alisema. "Mimi mwenyewe nimeshaiugua."

"Umejuaje ni chawa?" Elvira aliuliza.

"Manesi wa wodini walikaa na wagonjwa mchana na usiku, hawakuugua. Mgonjwa alifika kwao ameshavuliwa nguo na kuogeshwa. Tulioanguka ni sisi tuliozipokea zile nguo mlangoni. Chawa humnyonya mgonjwa, kisha humhamia mwingine. Huacha kinyesi kwenye ngozi. Ukijikuna, kinyesi kinaingia kwenye mkwaruzo, na homa inaingia nacho."

"Basi chemsheni nguo zao. Zangu nazifua kila Ijumaa."

"Kwa maji gani?"

"Baridi. Ya moto nitayapata wapi?"

"Lete koti lako."

Elvira hakusogea. Lina ndiye aliyelileta. Bi Zohra aligeuza kola. Ndani ya mshono mayai meupe yalikuwa yamejipanga, na chawa wawili walikuwa wakitembea.

"Maji baridi yanamwogesha tu," Bi Zohra alisema. "Anatoka msafi, anaendelea na safari."

Kamuna alicheka.

"Wewe nawe unacheka nini?" Bi Zohra alimwuliza. "Nionyeshe pindo la gauni."

Kwenye pindo la Kamuna kulikuwa na chawa wale wale.

"Na moshi wa kuchemshia? Majirani wakiuona?" Elvira aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi hufua kila Jumatano. Barabara nzima inajua. Lakini nguo zenu za mjini hazitaanikwa nje. Zitakauka humu humu."

Jumatano asubuhi Elvira aliteremsha shuka mwenyewe, akalitia kwenye rundo. Nguo zote, mablanketi na vilemba vilichemshwa nusu saa. Koti la sufu halikuchemshwa. Bi Zohra alipitisha pasi ya makaa polepole juu ya kila mshono, ndani na nje. Khlafo alinyolewa nywele, akaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Wengine nao walioga, wakajifunika magunia ya zeituni.

"Leo Livorno imevaa gunia," Kamuna alisema.

"Na Tunis imevaa lililotoboka," Elvira alijibu.

Bi Zohra hakucheka. "Yai lililobaki litaanguliwa kama baada ya wiki moja. Tutarudia Jumatano ijayo, na ile ya pili. Homa nayo hujificha mwilini hadi wiki mbili. Msishangilie mapema."

Siku ya sita baada ya kufua, Lina aliumwa kichwa. Elvira alimshika paji la uso mara nyingi. Kamuna alimshikia mshumaa, naye Elvira akakagua gauni la mtoto mshono kwa mshono. Hapakuwa na chawa. Jioni kichwa kiliacha kuuma.

Homa ya Khlafo ilishuka tarehe 12. Tarehe 17 nguo zilichemshwa mara ya tatu.

Jumatano tarehe 24 Februari, Bi Zohra alikagua nguo za watu wote sita. Hakukuta chawa wala yai. Hakuna mwingine aliyekuwa ameugua. Mchana Elvira alipika supu ya dengu, akawapakulia wote kutoka sufuria moja. Khlafo alikaa bila kuegemea kitu, akaonja.

"Mama Lina, haina pilipili hii."

"Ndivyo tunavyopika sisi."

"Ndiyo maana mmekonda."

Elvira alimsogezea kopo la pilipili. Khlafo alikula mabakuli mawili.