Waliopiga Makofi

Maiti ilikuwa imechuchumaa ndani ya kabati la kioo, katikati ya ukumbi wa makumbusho, kiganja kimoja kikiwa bado kimeegemea kiooni. Watazamaji walikuwa wameikodolea macho kwa muda kabla hawajang'amua kwamba wanatazama maiti.

Inspekta, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alilizunguka kabati taratibu. Kioo kilikuwa kinene. Mlango, ambao sasa ulikuwa wazi, ulikuwa wa kufungwa na kufunguliwa kwa nje tu.

"Wewe ndiye mlinzi?"

"Ndiyo, afande. Miaka yote nalinda vinyago, havijawahi kunisumbua. Hawa wa kikundi cha sanaa wanaojigeuza vinyago ndio kiboko."

Alicheka peke yake, kisha akavua kofia kwa haya.

Daktari wa polisi alipiga magoti nyuma ya kabati. "Amekosa hewa. Matundu ya hewa ya huku chini yamezibwa kwa gundi ya vioo. Ni gundi isiyo na rangi, huioni mpaka uiguse."

"Imepakwa kwa ndani?"

"Kwa nje."

Inspekta aliinama kuyatazama matundu.

Mdogo wa marehemu, binti wa kikundi hicho hicho, alikuwa ameketi sakafuni, ufunguo mkononi. Alipoona sare za polisi aliinuka, akanyoosha mikono yote miwili kana kwamba anaomba pingu.

"Nifungeni, afande. Ni mimi niliyemuua dada."

"Kivipi, mwanangu?"

"Ufunguo ulikuwa kwangu. Dada aligonga kioo, akagonga tena. Mimi nikasimama tu kama gogo."

"Kwa nini hukufungua?"

"Kugonga kulikuwa sehemu ya onyesho! Watu wakaanza kupiga makofi kumfuatisha. Alipoongeza kasi, nao wakaongeza. Alipolegea, nao wakalegea."

"Na kama angezidiwa kweli, mlikubaliana afanye nini?"

"Alaze kichwa begani na kufumba macho."

"Alifanya hivyo?"

"Mwishoni. Nikakimbia kufungua. Alikuwa ameshakwenda."

Ishara hiyo ilimtia Inspekta hofu kuliko maiti yenyewe: ilikuwa ni jambo ambalo mtu hulifanya anapokufa, atake asitake.

Mpiga ngoma wa kikundi alikuwa uani wakati wote wa onyesho, akisubiri zamu yake. Aliulizwa peke yake.

"Mtu akizidiwa kabatini, anatoa ishara gani?"

"Anagonga kioo. Tangu tuanzishe kikundi ni hivyo hivyo. Mtu akigonga unafungua, hata kama rais yupo ukumbini."

"Hakuna aliyebadilisha?"

"Abadilishe nani bila kutuambia, afande? Hayo ni maisha ya mtu!"

Inspekta alirudi kwa binti.

"Nani alikwambia kwamba kugonga ni sehemu ya onyesho, na kwamba ishara ni kulaza kichwa?"

"Mchongaji. Kiongozi wetu. Leo asubuhi. Alisema dada mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo."

"Hukumuuliza dada yako?"

"Anayeingia kabatini hasemi na mtu tangu alfajiri, wala hasemeshwi. Ndio mwiko wetu. Tulipishana koridoni, akanibana shavu, akapita."

Mchongaji aliletwa katika ofisi ya mhifadhi. Aliketi wima, mikono juu ya magoti.

"Mtoto yule amechanganyikiwa," alisema kwa upole. "Anatafuta wa kumtwisha mzigo wake."

"Ulikaribia kabati leo?"

"Sikuligusa."

Inspekta aliweka mezani mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gundi iliyokauka.

"Aliyeipaka aliikandamiza kwa dole gumba, ikakauka na alama yake. Mtaalamu wetu amezichukua alama zako ulipofika. Hii ni yako."

Mchongaji alikitazama kipande kile. Mabega yake yakashuka.

"Sikutaka afe."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka waogope! Kila tunapoonyesha kazi yetu watu wanapiga picha, wanapiga miayo, wanaenda zao. Nilitaka mtu mmoja, mmoja tu, aone binadamu mwenzake anateseka, ainuke, avunje kioo. Hapo ningejua kwamba sanaa yetu imemwamsha mtu."

"Ukamfanya mdogo wake asimame tu."

"Angefungua yeye, wengine wasingekuwa na haja ya kuinuka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mstari wa mbele."

"Ulimsikia akigonga?"

"Kila alipogonga nilijiambia, sasa hivi mtu atainuka."

"Ulikuwa na miguu, Mchongaji."

Alijifunika uso. Sauti ilitoka kati ya vidole vyake.

"Ningeinuka mimi, kazi ingeharibika."

Mchongaji alipovishwa pingu, Inspekta alitoka koridoni. Binti alikuwa bado amesimama, mgongo ukutani, akitazama chini.

"Hukumuua dada yako," Inspekta alimwambia. "Ulidanganywa. Mchongaji amekiri yote, na mahakama italisikia hilo."

Binti aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akainua macho, na ndani yake hofu haikuwa imepungua hata chembe.

"Lakini yeye alikuwa ananitazama, mama. Alijua kwamba mimi nilidanganywa?"

Inspekta alimshika binti mkono, wakaketi pamoja sakafuni.