Uzi Mwekundu Chini ya Jina

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini mchezo wa magongo ya barafuni uanze, na ukumbi wa mbele wa uwanja wa barafu wa Saskatoon ulikuwa umejaa hadi milangoni. Watu walipigana vikumbo wakitafuta bia na chipsi, wakikung'uta theluji mabutini. Katikati ya zogo hilo Oryna Kostiuk alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, sweta ya kijani mwilini, tepi shingoni, pini tatu midomoni, akiwashonea mashabiki majina kwenye jezi zao.

"Dada, samahani. Nimeambiwa wewe ndiye unayeshona majina."

"Foleni iko kule, kaka."

"Mimi si shabiki. Nacheza leo."

Oryna aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi, amevaa suti ya kahawia iliyomwishia juu kidogo ya vifundo vya mikono. Ilionekana wazi kuwa ni suti ya baba.

"Unacheza nini? Kinanda cha kanisani?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Kijana naye alicheka, na hilo ndilo lililomponza Oryna, maana mwanamume anayeweza kujicheka mwenyewe alikuwa hajamwona tangu amalize shule.

"Wamenipigia simu saa sita mchana," kijana alisema. "Mwenzao kavunjika kiganja. Nimeendesha kwa saa tatu kwenye theluji kutoka shambani, na kocha anasema asiye na jina haingii barafuni."

"Haya, jina?"

"Hamelin. Rylan Hamelin."

"Umri?"

"Na huo unashonwa?"

Pini nusura zimponyoke. Alishona herufi saba haraka haraka kwenye kipande cha kitambaa, akakipachika mgongoni, kisha akageuza jezi nje ndani, akachukua sindano ya mkono na kutia msalaba mdogo wa uzi mwekundu nyuma ya jina, mahali pasipoonekana na mtu.

"Hicho nini?"

"Bibi yangu alikitia kwenye shati la kila aliyetoka nyumbani. Ili arudi."

"Na nikirudi sina meno?"

"Mimi fundi wa nguo, si wa meno."

Usiku ule Rylan aliifungia timu yake, Wachimbaji wa Saskatoon, magoli mawili. Mchezo ulipokwisha alirudi kwenye meza ile nywele zikiwa bado zimelowa, akapanga foleni kama watu wengine, nyuma ya babu mmoja na wajukuu zake. Zamu yake ilipofika aliomba kitu kimoja tu, namba ya simu.

Ndivyo walivyopendana, tena bila kuficha. Oryna alimwita Rylan "mkulima," Rylan akamwita "fundi wangu." Jumapili walikula perogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, kwa shangazi yake Oryna, Halyna, mwenye duka la ushonaji, wakashindana nani atamaliza sahani bila kulegeza mkanda. Timu iliposafiri, simu ililia kila basi liliposimama kutia mafuta.

"Umekula?"

"Nimekula sandwichi iliyokuwa na huzuni zake. Wewe umevaa nini?"

"Koti, sweta mbili na blanketi. Kuna baridi hata mawazo machafu yanaganda."

"Nakuja kuyayeyusha."

"Njoo na goli kwanza."

Lakini chini ya mizaha hiyo kulikuwa na jambo moja lililomnyima Rylan usingizi. Mwezi wa sita uliopita, siku ya timu kubwa kuchagua vijana, baba yake alivaa tai na kukaa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Yalisomwa majina zaidi ya mia mbili. La mwanawe halikusomwa. Mzee alivua tai akaenda kulisha ng'ombe. Sasa Rylan alikuwa na miaka kumi na minane na nafasi moja iliyobaki ya maana, Juni ijayo, na ili aipate ilibidi aonekane. Saskatoon alikuwa anaonekana. Kufikia Krismasi alikuwa na magoli ishirini na moja, na wasaka vipaji wenye makoti meusi walikuwa wakiandika kila alipogusa barafu.

Duka la Halyna ndilo lililoshona jezi za timu, na kazi hiyo ilikuwa na sharti moja. Timu inapotaka kumbadilisha mchezaji kwa mwingine wa timu nyingine, jezi humfikia fundi kabla habari haijamfikia mwenyewe, ili mgeni akitua akute jina lake limeshashonwa. Fundi hufumua, hushona, hunyamaza.

Alhamisi moja ya Januari, saa tatu asubuhi, Lorne, mtunza vifaa wa timu, aliweka mfuko juu ya meza bila kumtazama Oryna usoni. Ndani kulikuwa na jezi namba kumi na tisa na karatasi: toa HAMELIN, weka STADNYK.

"Anakwenda wapi?" Oryna aliuliza.

"Kettle Ridge."

Kettle Ridge ilikuwa timu ya mkiani kabisa, kule milimani, mahali ambapo msaka vipaji akifika ujue amepotea njia.

"Atajua lini?"

"Saa tisa alasiri. Bado wanasainiana. Bibie, hujaniona," Lorne alisema, akatoka.

Oryna alimgeukia shangazi yake. "Shangazi, ni Rylan."

"Najua kusoma. Fumua."

"Nimwambie tu, peke yake..."

"Fundi aliyekuwa na kazi hii kabla yetu alimwambia mpwa wake tu, peke yake. Leo anauza soksi stendi ya mabasi. Fumua, mwanangu."

Ile kazi ya nusu saa Oryna aliivuta kwa saa mbili. Akikata uzi mmoja, anasimama, anapanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimepangwa. Saa tano simu ililia. Aliipokea huku shangazi amesimama mlangoni na mkasi mkononi, anasikiliza.

"Fundi wangu! Una dakika?"

"Kwako ninazo."

"Wale wa chuo cha Minnesota wanataka jibu kabla ya saa sita. Miaka minne, masomo, chumba, chakula, na barafu kila siku. Wasaka vipaji wamejaa kule. Mama anasema nikubali, niondoke kesho."

"Na wewe unasemaje?"

"Jana kocha amenishika bega. Kasema mimi ni nguzo ya timu, siendi popote. Nikikataa Minnesota, nabaki hapa na wewe mpaka Juni, na bado naonekana. Ukisema niende, naenda. Ukisema nibaki, nabaki. Niambie, mpenzi."

Mezani kitambaa cha jina kilikuwa kimeshafumuliwa H, A na M. Oryna aliwaza kwamba mwaka jana karatasi mbili za namna hiyo zilirudishwa dakika za mwisho, akashona upya majina aliyokuwa ameyafumua, na mtu hakujua. Aliwaza pango la duka na magoti mabovu ya shangazi. Tena, na hapa sitamtetea, aliwaza wasichana wa Minnesota na miaka minne. Ni hili la mwisho lililomshinda nguvu.

"Baki," alisema.

"Kweli?"

"Baki nami."

Rylan aliibusu simu kwa sauti hata shangazi akasikia, akaenda kukataa Minnesota.

Karatasi haikurudishwa. Saa tisa na robo simu ya Oryna ililia tena. Safari hii hakukuwa na "fundi wangu."

"Wamenibadilisha," Rylan alisema. "Lorne kanipa bahasha yangu. Ndiyo desturi, anayeondoka anapewa kitambaa cha jina lake. Nimekigeuza, Oryna. Msalaba wako umekatwa uzi mmoja mmoja, kwa mkono wa mtu aliyejua ulipo. Na jezi ya huyo Stadnyk imeshatundikwa."

"Rylan..."

"Ulianza kunifumua saa ngapi?"

Oryna alisikia mlio wa basi nyuma ya sauti yake.

"Saa tatu."

"Mimi nilikupigia saa tano. Ulikuwa umefika herufi ya ngapi?"

Angalau hapo hakudanganya. "Ya tatu."

Simu ilikatwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani kama walimaanisha hivyo hasa.

Ule mwezi wa Juni hakuna aliyemwita Rylan. Baba yake hakuvaa tai safari ile, wala mwaka uliofuata. Kule Kettle Ridge alivunjika mfupa wa bega, akapoteza meno mawili, akacheza mbele ya viti vitupu na timu iliyofungwa kila wiki. Minnesota walikuwa wameshajaza nafasi yake. Oryna alituma salamu, maelezo, kilio. Jumbe zote zilikaa kwenye simu bila kusomwa. Alikonda mpaka shangazi akaanza kumpunguzia sketi bila kuulizwa.

Kupanda kwake Rylan kulikuwa kwa kutambaa. Alipofikisha miaka ishirini na moja, timu moja kubwa ya mashariki ilimchukua bila kupitia siku ya kuchagua vijana, kwa majaribio, na hakutoka tena. Mwaka uliofuata watu wa Saskatoon wakakumbuka kwamba kumbe ni wa kwao. Kila mmoja alitaka jezi yenye jina lake, na jezi zililetwa kwa Halyna. Wiki moja Oryna alishona HAMELIN mara kumi na moja.

Siku moja ya Agosti, shangazi akiwa kwa daktari, kengele ya mlango ililia. Aliyeingia alikuwa amevaa suti ya bluu iliyomkaa barabara, meno mapya kinywani, kovu kidevuni. Mkononi alishika jezi ya kike, nyeupe, mpya, mgongo mtupu.

"Hujambo, fundi wangu."

Oryna alishika meza. "Mkulima."

"Hakuna mtu anayelijua jina langu kama wewe. Nishonee." Aliikunjua jezi. "Ivae kwanza, nione mabega."

Kule kwao, jezi ya kike inayoletwa na mchezaji mwenyewe ishonwe jina lake ina mvaaji mmoja, mkewe. Oryna alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Aliivaa juu ya blauzi, akajitazama kwenye kioo. Ilimkaa kana kwamba alipimwa.

"Inakutosha kabisa," Rylan alisema.

"Umenisamehe?"

"Shona kwanza."

Aliivua, akashona. Rylan alivuta kiti kirefu, akakaa karibu, akamtania kama zamani, kwamba sindano imezeeka, kwamba fundi kawa mrembo na mvivu. Oryna alicheka na machozi yakidondoka kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alijikuta anaimba wimbo wa bibi yake. Rylan alipokwenda dirishani kupokea simu, Oryna aliigeuza jezi nje ndani na kutia msalaba mdogo mwekundu nyuma ya jina.

Rylan alirudi, akaipokea, akaikunja taratibu.

"Brenna atafurahi. Nilikuwa na wasiwasi na mabega tu, lakini mna umbo moja."

"Brenna nani?"

"Mchumba wangu. Muuguzi wa Kettle Ridge, ndiye aliyenifunga bega. Harusi Jumamosi, kijijini kwetu."

Cherehani ilikuwa bado inanguruma. Oryna alinyoosha mkono akaizima.

"Ungeweza kuniambia kabla sijaanza."

"Ningeweza," Rylan alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Oryna. "Nimeingia hapa saa tano. Nilikuwa najua tangu saa tano."

Aliweka jezi kwenye mfuko, kisha akasita, kidole gumba kikigusa pindo la kola.

"Hujatia kitu kingine ndani?"

Angeweza kuigeuza akaona. Alimtazama tu, akingoja kauli yake kama alivyoingoja siku ile kwenye simu.

"Hapana," Oryna alisema. "Jina tu."

Rylan aliitika kwa kichwa na kutoka. Hata Oryna mwenyewe hakujua kama alichokipeleka kwenye harusi ile kilikuwa dua au laana. Alilojua ni kwamba alimpenda bado, na kwamba amemdanganya tena.

Shangazi alirudi saa saba, akachechemea hadi mezani, akakiona kibonge cha uzi mwekundu.

"Nani alikuwa hapa?"

"Mteja."

Oryna alikirudisha kibonge kwenye droo, akavuta kazi iliyofuata kutoka kikapuni. Ilikuwa jezi ya mtoto wa miaka saba, na kwenye karatasi yake mama mtu alikuwa ameandika HAMELIN.