Povu Kinywani mwa Kamanda

Mpunga ulipoanza kukomaa, Sihaba na mama yake, Mwanaamina, waliondoka nyumbani Kibiti kila alfajiri wakateremka bondeni kuamia ndege wasile mpunga. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Sihaba, mwanafunzi wa darasa la tano, hakuwa na kisingizio. Mama alipanda dunguni, kibanda chao kilichosimama juu ya nguzo, akakoka moto wa uji. Sihaba alibaki chini na kombeo lake na rundo la vidonge vya udongo, akipiga kelele hadi sauti inakauka.

Ndege walikuwa kazi yake. Nguruwe mwitu na ngedere walikuwa kazi ya Doria, mbwa wao wa rangi ya udongo mwekundu. Doria aliishi shambani mwaka mzima. Alikuwa na kifuu chake cha kulia, na Sihaba akishamshika alinawa kabla ya kugusa kitu kingine. Hayo yalikuwa masharti ya mama, naye aliyafuata bila kunung'unika, kwa kuwa alimpenda mbwa yule kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Asubuhi moja mwaka 1993, Doria alilia kutoka mpakani. Haikuwa sauti ya kubweka. Sihaba alitupa kombeo akakimbia, mpunga ukimchapa miguuni, akamkuta amenaswa kwenye waya uliotegewa nguruwe. Alikuwa amevuta na kuvuta hadi waya ukazama kwenye mguu wa mbele na kugota mfupani.

Bondeni kule kuna desturi ambayo hata mtoto wa miaka mitano anaijua. Anayetega waya hufunga tambara jekundu njiani, kisha hupita dungu kwa dungu kutoa habari, ili watu wafunge mbwa wao na kuwaonya watoto. Sihaba alitazama huku na huku. Tambara halikuwepo, na hakuna mtu aliyekuwa amepita.

Jirani yao, Mtoro, alikuja akijikuna tumbo. Ndiye aliyetega.

"Mjomba, umeua mbwa wangu!" Sihaba alilia.

"Ah, tambara lilinipitia," alisema Mtoro. "Lakini si mbwa tu, mwanangu? Mshukuru Mungu hukunaswa wewe." Alikata waya kwa koleo, akauviringisha, akautia begani akaenda zake. Hata pole hakusema. Tangu dakika ile Sihaba aliapa hatamwita tena mjomba.

Sihaba na mama yake walimfunga Doria kwa kanga kuukuu, wakamlaza kwenye kapu nyuma ya baiskeli, wakamsukuma hadi kwa Bi Mifugo.

Jina lake hasa lilikuwa Petronila, mwenyeji wa Songea. Alikuwa mtaalamu wa mifugo wa serikali mpaka watumishi walipopunguzwa kazini, naye akiwa mmoja wao. Watu walidhani atafunga mizigo arudi kwao. Yeye akajenga uzio wa fito nyuma ya nyumba yake, akaanza kupokea wanyama wasio na mtu: mbuzi waliogongwa na magari ya Lindi, paka waliovunjwa viuno, mbwa waliotupwa na wenyewe. Kibiti nzima ilimcheka kwa wiki mbili, kisha ikaanza kumsaidia. Felix wa buchani alileta mifupa na utumbo. Kijakazi, mama ntilie wa stendi, alileta mabaki ya ugali. Makondakta walimbebea dawa kutoka Dar es Salaam bila nauli. Hata imamu, baada ya sala ya Ijumaa, aliwaambia watu kwamba kumnywesha mnyama mwenye kiu kuna thawabu, na tangu siku hiyo mtungi wa Bi Mifugo haukukauka.

Bi Petronila aliutazama mguu wa Doria kwa muda mrefu.

"Hauponi huu," alisema. "Tukiuacha, atakufa. Nitaukata. Nishikie kichwa."

Sihaba alishika kichwa. Hakufumba macho. Alitaka aone kila kitu ili asije akasahau hata chembe.

Walipomaliza, Bi Petronila alimlaza Doria bandani akae hapo hadi apone, akanawa, akamwambia Sihaba, "Nenda kwa mwenyekiti ukaeleze. Waya bila tambara ni kosa bondeni. Mimi nitasimama shahidi."

"Watamkanya tu, basi," alijibu Sihaba. "Nitapata nini?"

"Utapata haki yako."

Sihaba hakutaka haki. Alitaka Mtoro alie. Nyumbani mama naye alimwambia asubiri mavuno yaishe, watakaa na jirani wazungumze kwa utaratibu. Kusubiri! Mtoro alipita kila siku akipiga mluzi, na nyuma yake alitembea Kamanda, mbwa wake mweusi, mnene, na miguu yake yote minne. Kila Sihaba alipoihesabu miguu ile, kifua kilimwaka moto.

Siku ya tisa alipata wazo, na lilipomjia alicheka peke yake jikoni.

Miaka michache nyuma sabuni ilikuwa ya foleni, watu wakinusana mashati. Sasa maduka ya Kibiti yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, na ya unga iliuzwa kwa pakiti ndogo. Sihaba alinunua pakiti moja. Alichanganya nusu ya unga ule na kiporo cha ugali na vichwa vya dagaa, akafinyanga tonge, akaenda kumvizia Kamanda nyuma ya soko. Mbwa alimjua. Alitikisa mkia, akameza tonge lote kabla hajaonja.

Kisha akakohoa. Akajaribu kutapika, akazungukazunguka, na mate yakaanza kumtoka. Mara povu jeupe likamjaa kinywani likidondoka hadi kifuani.

Sihaba alivuta pumzi akapiga ukelele: "Kichaa! Mbwa wa Mtoro ana kichaa!"

Soko lilipasuka. Wanawake walinyakua watoto, vikapu vikapinduka. Mgambo akapiga debe mtaa kwa mtaa akitangaza mbwa wa kichaa, kila mtu afunge mlango, wanaume watoke na marungu. Mtoro alitokea akikimbia na shuka mkononi, akipiga kelele, "Mwacheni! Asubuhi alikuwa mzima!" Hakuna aliyemsikiliza. Jiwe la kwanza lilimpata Kamanda mbavuni, la pili usoni.

Mwanzoni Sihaba aliona raha, tusifiche. Alimtazama Mtoro anavyohangaika, akasema moyoni, onja na wewe.

Lakini Kamanda hakukaa pale auawe. Alijipenyeza katikati ya miguu ya watu, akakata kona ya stendi, akaelekea kunakonuka utumbo na ugali. Kijakazi alikuwa ametoka kushusha mabaki yake, na lango la Bi Mifugo lilikuwa wazi. Mbwa akaingia moja kwa moja, akajibanza kwenye banda ambamo Doria alikuwa amelala na bandeji yake.

Raha ya Sihaba ilikatika hapo hapo. Alikimbia mpaka pumzi zikamwishia.

Alipofika, watu walikuwa wamejaa mbele ya uzio. Felix, aliyeleta mifupa asubuhi ile ile, alikuwa ameshika rungu. Mzee Abdala, mwenyekiti, alisimama mbele na mgambo mwenye bunduki. Bi Petronila alikuwa ameziba lango kwa mwili wake, mikono ameitanua.

"Tupishe, Bi Mifugo," alisema Mzee Abdala. "Tunakuheshimu. Lakini mwenye kichaa ameshachanganyika na wenzake. Mbwa wote waliomo humu wauawe."

"Mbwa wangu wote wamechanjwa, mwenyekiti. Huyo mmoja nitamfunga peke yake."

"Una hakika gani? Kuna watoto hapa. Mgambo, anza na wale wa bandani."

Ndani ya banda Doria aliisikia sauti ya Sihaba akajaribu kusimama. Alikuwa hajazoea miguu mitatu. Alianguka, akainuka, akaanguka tena.

"Ni mimi!" Sihaba alipita chini ya mikono ya watu. "Mwenyekiti, hana kichaa! Nimemlisha sabuni!"

Watu walimwangalia, kisha wakaguna.

"Anamtetea mbwa wake," alisema mmoja.

"Si yeye aliyepiga ukelele sokoni?" aliuliza Felix. "Sasa tushike lipi?"

Hapo Sihaba alijua maana ya kukosa kuaminiwa. Alikuwa anasema kweli tupu, na kweli yenyewe haikuwa na mtu wa kuipokea. Alichomoa pakiti kutoka mfukoni. "Hii hapa! Nusu nimetia kwenye tonge la ugali na dagaa. Nimefanya hivyo kwa sababu ya mguu wa Doria. Mtoro alitega waya bila tambara, nikataka aumie kama nilivyoumia. Mnipige mimi. Msiwaue hawa!"

Mzee Abdala alichukua pakiti, akaigeuza. Kisha akamtazama Bi Petronila.

"Unasemaje?"

"Nasema mtu yeyote asiguse povu lile, na mimi sitaamini sabuni wala maneno," alijibu. "Nitamfunga Kamanda mbali na wenzake siku kumi. Mbwa anayeeneza kichaa kwa mate yake hamalizi siku hizo. Akifa, leteni bunduki, nami nitawafungulia lango. Akipona, mtajua."

Kijakazi aliweka ndoo yake chini akaenda kusimama kando ya Bi Petronila. Wa pili alikuwa mama yake Sihaba, aliyekuja mbio na kanga moja. Hakumtazama binti yake. Felix alishusha rungu taratibu.

"Siku kumi," alisema mwenyekiti.

Siku zile zilikuwa ndefu. Kamanda alifungwa kwenye kibanda chake peke yake, akala, akanywa maji kama kawaida. Siku ya kumi alikuwa hai. Lakini jiwe la pili lilikuwa limempasua jicho la kushoto, na jicho lile halikurudi.

Mtoro alichuchumaa mbele ya mbwa wake akalia waziwazi, mtu mzima yule, mbele za watu. Sihaba alikuwa ameyangojea machozi hayo tangu siku ya waya. Sasa aliyaona, na hayakumpa furaha yoyote. Alitamani ardhi immeze.

Barazani mwenyekiti aliuliza habari za waya. Mtoro angeweza kukana, na nani angemwamini mtoto wa sabuni? Bi Petronila alikuwa ameshasimama kutoa ushahidi, lakini Mtoro alimwashiria akae.

"Waya ulikuwa wangu," alisema. "Sikufunga tambara, sikupita kwenye madungu. Na nilipomwona mbwa wa mtoto, sikusema hata pole. Nasema leo. Pole, Sihaba. Pole, Mwanaamina."

Hukumu ilikuwa fupi. Mtoro ataondoa mitego yake yote, atakata fito za kupanua uzio wa Bi Mifugo, na atapeleka pumba za mpunga wake pale hadi msimu ujao. Sihaba atapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kuwa alisema uongo, kisha atamlisha Kamanda kila siku hadi atakapopona kabisa.

Kupita nyumba kwa nyumba alikumaliza kwa siku mbili, uso chini. Kumlisha Kamanda ndiko kulikomshinda. Alimpelekea mifupa, mbwa akageuza kichwa. Alimpelekea dagaa, mbwa akarudi nyuma hadi ukutani akitetemeka. Kwa Bi Petronila alikula, kwa Kijakazi alikula, hata kwa mgambo. Kwa mkono wa Sihaba hakula.

"Nimeomba radhi kwa kila mtu," Sihaba alilalamika, machozi yakimlengalenga. "Hata Mjomba Mtoro kanisamehe."

Bi Petronila aliketi kando yake juu ya gogo.

"Watu walikusikia ukiomba radhi, mwanangu. Huyu anachojua ni kwamba mkono huo ulimpa tonge la sumu wakati yeye anatikisa mkia. Hasira yako ilikuwa ya haki, wala sikukatazi kukasirika. Mtoro alikukosea. Ungeisema kweli siku ile ile barazani, angeinamisha kichwa yeye peke yake. Ulipochagua uongo, ulimwadhibu asiyejua lolote, na kidogo Doria naye auawe. Tena kichaa cha mbwa si cha kuchezea. Siku kikija kweli, mtu akipiga ukelele na wenzake wakasema ni sabuni tu, atakayekufa ni mtoto wa mtu."

Sihaba aliutazama mkono wake.

"Sasa nifanye nini?"

"Weka chakula chini, usogee mbali. Kesho vivyo hivyo. Na kesho kutwa. Usimlazimishe akuamini. Wewe timiza wajibu wako, yeye ataamua lini."

Sihaba aliweka bakuli chini. Alirudi nyuma hatua kumi, kisha nyingine tano, akaketi mavumbini pembeni ya Doria. Kamanda alimtazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu sana. Mwishowe alisogea, akanusa bakuli pande zote, akaanza kula, bila kuacha kumtazama.