Jinamizi la Vidole Vinne

Baba yangu, Twaha, anauza vitenge Kariakoo. Hufungua duka saa mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Mchana hali chakula cha maana. Anakunywa chai, anatafuna karanga, anabishana na wateja. Akifika nyumbani anakaa mkekani na kula kama mtu anayelipiza kisasi. Wali, samaki wa kukaanga, pilipili mbili. Kisha ananawa, anamshukuru Mola, anamsifu Mama, na kulala. Hatukuona kosa lolote hapo. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zinaishi hivyo.

Nilirudi kutoka shule ya bweni wiki mbili baada ya Idi. Usiku wa kwanza nikasikia sauti chumbani kwa wazazi. Ilikuwa saa nane. Ilikuwa sauti ya mtu anayezama, lakini anazama kitandani.

Nikajifunika shuka hadi utosini. Mimi ndiye niliyewahi kuvaa shuka jeupe na kutembea bwenini usiku wa manane, wasichana arobaini wakakimbilia kwa matroni. Kwa hiyo natamka rasmi kwamba hofu naijua pande zote mbili. Usiku ule nilikuwa upande mbaya.

Asubuhi Mama alinieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta una ndugu. Alisema ni jinamizi. Tangu Ramadhani iishe, linakuja karibu kila usiku. Linamkalia Baba kifuani na kumkaba koo. Baba anashtuka, anakohoa, kifua kinawaka moto. Mama alikuwa ameweka kisu chini ya mto. Alikuwa pia anafukiza mvuje kila jioni, na moshi wake ulitutoa machozi nyumba nzima. Jinamizi peke yake ndilo halikupiga hata chafya.

Kilichomtisha Baba zaidi ni kitanda. Ni kitanda cha babu yangu, Mzee Abdulhamid. Babu alilala juu yake mzima, akakutwa asubuhi amefariki. Baba alikuwa ameanza kukitazama kitanda kile kama mtu anayetazama gari lililokuja kumchukua.

Siku ya tatu niliwakuta sebuleni, Baba ameshika funguo za duka.

"Hii ni ya kufuli la juu," alikuwa akimwambia Mama. "Hii nyembamba ni ya mlango wa nyuma. Usiizungushe kwa haraka, itakatika."

"Miaka ishirini hukunifundisha funguo. Kwa nini leo?"

"Ili ujue tu, Mama Najma."

Mama akaenda jikoni akakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Mimi nikaacha kucheka.

Niliamua kulikamata jinamizi. Shuleni kwetu, sukari ya rafiki yangu Ritha ilipokuwa ikiibwa, tulimwaga unga mlangoni usiku. Asubuhi nyayo nyeupe zilitupeleka hadi kitanda cha kiranja wa nidhamu. Njia ile ilikuwa imethibitishwa.

Wazazi walipolala, nilinyunyiza sembe kwenye korido, kutoka mlango wao hadi jikoni, na hadi mlango wa nje. Watu wa pwani husema jini lina kwato. Nikasema moyoni, likiwa na kwato tutaziona. Kisha nikajifungia chumbani, nikaweka kiti nyuma ya mlango, na ndoo juu ya kiti.

Saa saba nikasikia hatua. Zilipita polepole mbele ya mlango wangu. Nilishikilia kiti kisisogee. Zikaenda. Baada ya muda zikarudi. Kimya.

Halafu saa nane ikaja ile sauti, mbaya kuliko siku zote. Mama aliita, "Baba Najma, amka. Amka, nakuomba." Hakujibiwa.

Niliondoa kiti na ndoo, nikawasha tochi ya simu. Nyayo zilikuwepo, na hazikuwa kwato. Zilikuwa miguu ya mtu. Zilitoka chumbani kwa wazazi, zikaenda jikoni, zikarudi chumbani kwa wazazi. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vinne.

Mtu mmoja tu nyumbani kwetu ana mguu kama huo. Kidole chake kidogo kilisagwa na mkokoteni wa mizigo sokoni, kabla sijazaliwa. Pembeni mwa nyayo za kurudi kulikuwa na punje za pilau.

Ningecheka, lakini Baba alikuwa ameketi sakafuni chumbani kwao, ameshika kifua, macho yamemtoka, anavuta pumzi kwa shida. Nilikimbia nikagonga chumba cha Anti Mektilda. Yeye ni muuguzi, amepanga chumba cha mwisho cha nyumba yetu.

Alikuja na kanga yake. Alimkalisha Baba wima kwenye kiti, akafungua dirisha, akaamuru chetezo cha mvuje kitolewe nje. Akamshika mkono kuhesabu mapigo.

"Maumivu yanakwenda mkononi? Kwenye taya? Unatoka jasho la baridi?"

Baba akatikisa kichwa.

"Ungesema ndiyo, tungekuwa njiani kwenda hospitali sasa hivi. Kooni unasikia nini?"

"Uchachu," Baba alisema kwa shida. "Kama ndimu iliyooza."

"Ulikula saa ngapi?"

"Saa nne."

Nilimulika tochi koridoni, nje ya mlango. Wote wakatazama unga. Kisha wote wakatazama miguu ya Baba. Baba akauficha mguu wa kulia nyuma ya mguu wa kushoto.

"Ni daku," alisema.

Mama alimtazama sana. "Daku la mfungo gani, Baba Najma?"

Basi akaeleza. Ramadhani ilimzoesha kuamka usiku kula. Mwezi uliisha, lakini tumbo lake halikupata habari. Kila saa saba lilimwamsha. Aliona aibu, akawa ananyata jikoni, anamaliza kiporo gizani, na kurudi kulala.

Anti Mektilda hakumcheka. Alisema tumbo ni kama mfuko wenye mdomo juu. Ndani yake kuna asidi ya kuyeyusha chakula. Ukiujaza mfuko kisha ukaulaza, asidi inapanda kooni. Inachoma, inaleta kikohozi, inakukaba ukiwa usingizini.

"Lakini Ramadhani sikuugua," Baba alisema.

"Ramadhani ulikula daku ukabaki macho hadi swala ya alfajiri. Sasa unakula sufuria zima na kulala chali."

Aliongeza kwamba kula sana usiku kunaharibu usingizi, kunaongeza uzito, na kunaweza kupandisha sukari mwilini. Baba alikitazama kitanda. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Na baba yangu? Yeye alikufaje?"

"Aliwahi kupimwa?"

"Hapana. Tulisema ni jinamizi."

"Basi hatutajua, Baba Najma. Na mimi siwezi kuuona moyo wako kwa tochi ya simu. Maumivu ya kifua hayabahatishwi. Kukicha tunakwenda kupima."

Alikaa naye hadi asubuhi. Hakuna aliyelala, hata mimi.

Hospitali walimpima moyo, presha na sukari. Moyo ulikuwa salama. Sukari ilikuwa imeanza kupanda kidogo. Daktari alisema kinachomkaba ni asidi. Akampa dawa na masharti: amalize kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, apunguze mafuta na pilipili, na asishindie chai na karanga.

Tatizo likawa duka. Mtu anayefunga saa tatu usiku atakula mapema vipi? Mama alilitatua. Sasa mchana anampelekea Baba chakula kamili. Baada ya swala ya magharibi Baba anakula cha jioni pale pale, kidogo, nyuma ya marobota ya vitenge. Akirudi nyumbani anakunywa maji, na anakaa barazani kuzungumza hadi saa nne. Kitanda cha babu tulikiwekea matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa. Kinaonekana kama kinataka kuruka, lakini Baba analala kifua kikiwa juu kuliko tumbo.

Usiku wa kwanza hakukuwa na sauti. Kimya kile kilinitisha vibaya zaidi. Niliinuka mara tatu kusikiliza mlangoni kwao. Mara zote tatu nilimkuta Mama naye yuko macho, anasikiliza. Baba alikuwa anakoroma kwa amani.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kisu kilirudi jikoni kukata nyanya.

Usiku wa mwisho wa likizo nilinyunyiza sembe tena. Sikumwambia mtu. Asubuhi nilitoka na begi langu la shule, nikakuta nyayo za vidole vinne. Niliweka begi chini. Nilizifuata. Ziliishia kwenye mtungi wa maji wa koridoni, zikageuka. Jikoni hazikufika.

Mbele ya mlango wangu, mtu alikuwa ameandika kwenye unga kwa kidole:

"Nilikunywa maji tu. Nipo. Fagia."